JE, KISHIKWAMBI KIFANYWE KOMPYUTA?

(Hotuba iliyosomwa bwaloni mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka. Imechapwa kama ilivyosomwa, ila salamu zimepunguzwa.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, ndugu zangu tuliokula maharage ya bwalo hili, na ninyi vijana mnaoyala sasa:

Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze kwa nusu saa juu ya "maendeleo ya teknolojia". Nilipoisoma niliona jambo hilo ni pana kama Ziwa Tanganyika, na mtu mwenye mtumbwi wa nusu saa hawezi kufika ng'ambo. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nizungumze juu ya jambo moja tu, lile ambalo kamati yetu italipigia kura leo jioni.

Sote tumechanga. Fedha zilizopo zinatosha kununua vishikwambi vya darasa moja zima, au kompyuta za mezani chache, au mchanganyiko wa hivyo viwili. Katika kamati wapo wanaotaka iPad. Wapo wanaotaka vishikwambi vya Android. Na yupo mmoja, rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, anayesema tusinunue kitu chochote kisichokuwa na Windows. Nimewasikiliza wote kwa vikao vitatu, na nimegundua kwamba wanabishana juu ya swali moja ambalo hakuna aliyelitamka. Swali hilo ni hili: kishikwambi kinahitaji kuwa na mambo ya kompyuta ya mezani, yaani kibodi, kipanya, madirisha mengi na mahali pa kuwekea mafaili, au kibaki kama kilivyozaliwa, kioo na kidole basi? (Kipanya ninachosema ni kile cha kompyuta, siyo kile cha kwendea mjini.)

Mimi nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1979. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutengeneza mashine za chapa katika ofisi za serikali, na kompyuta zilipoingia nikaingia nazo. Sisemi kama profesa. Nasema kama fundi ambaye kwa miaka thelathini na zaidi ameitwa pale tu kitu kilipoharibika.

Nianze na wazo lenyewe, maana vijana wengi hudhani kwamba kishikwambi kilizaliwa mwaka 2010. La hasha. Mwaka 1972 bwana mmoja Mmarekani, Alan Kay, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, aliandika makala juu ya kompyuta ya watoto wa umri wote. Aliiita Dynabook. Iwe nyembamba kama daftari, ibebeke mkononi, mtoto asomee, achoree na aandikie. Wakati huo kompyuta nyingi zilijaza chumba, kwa hiyo ilikuwa ndoto ya mchana. Lakini nawaomba mshike mambo mawili juu ya ndoto hiyo, kwa sababu nitayarudia. La kwanza, mchoro wake ulikuwa na kibodi. La pili, mtoto wa Bwana Kay hakuwa mtazamaji wa programu za watu wengine. Alitarajiwa kutunga programu zake mwenyewe.

Miaka thelathini baadaye, mwaka 2002, kampuni ya Microsoft ilitoa Windows maalumu kwa ajili ya kompyuta za kushika mkononi. Mwaka mmoja kabla ya hapo Bill Gates alikuwa ametabiri kwamba katika miaka mitano aina hiyo ndiyo itakayouzwa zaidi kuliko kompyuta zote huko Marekani. Haikuwa hivyo. Niliwahi kushika moja ofisini. Ilikuwa nzito, ilichemka kama pasi, na betri yake haikumaliza mkutano wa asubuhi. Lakini kosa kubwa halikuwa uzito. Kosa lilikuwa kwamba walichukua kompyuta ya mezani nzima nzima, pamoja na vibonye vyake vidogo vidogo, wakaipaka juu ya kioo, wakampa mtu kalamu ya plastiki, wakamwambia endelea.

Hapa inafaa nieleze kidogo, kwa sababu ndipo ugomvi wote ulipoanzia. Mshale wa kipanya una ncha nyembamba kama sindano. Unaweza kuupeleka juu ya kitu na kuusimamisha hapo bila kubonyeza, nacho kikakuambia jina lake. Una kibonye cha kushoto na cha kulia. Kidole hakina hata moja katika hayo. Kidole ni kinene, kinaziba kile kile kinachokionyesha, na kikigusa kimegusa. Hakuna kusimama juu ya kitu bila kukigusa. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya mshale ikipewa kidole, mtu atafuta alipotaka kufungua.

Kampuni ya Apple ililielewa jambo hilo vizuri kuliko wengine. Tarehe 27 Januari 2010 Steve Jobs aliketi kwenye kiti cha starehe jukwaani San Francisco akaonyesha iPad ya kwanza. Kioo cha inchi 9.7, uzito gramu 680 hivi, bei dola 499 kwa ile ya chini. Hakuna kamera, hakuna tundu la USB, hakuna mshale, hakuna madirisha. Programu moja ilikamata kioo chote. Ukitaka nyingine, unatoka kwanza. Mimi nilicheka. Nilimwambia mke wangu kwamba wamekuza simu. Nakiri leo mbele yenu kwamba kicheko kile kilikuwa cha mjinga, maana mjukuu wangu wa miaka mitatu alipokishika kifaa cha namna hiyo hakuhitaji fundi. Mimi ndiye niliyemhitaji yeye.

Mwezi Juni mwaka huo huo Jobs alitoa mfano ambao ulisemwa sana. Alisema kwamba zamani Marekani ilipokuwa nchi ya wakulima, magari yote yalikuwa malori, kwa sababu ndiyo yaliyohitajika shambani. Watu walipohamia mijini, magari madogo yakawa mengi. Kompyuta, alisema, zitakuwa kama malori: zitabaki, lakini watakaozihitaji watakuwa wachache. Ni mfano mzuri. Ila sisi tulioko hapa, ndugu zangu, bado ni watu wa malori. Nendeni barabarani sasa hivi mkahesabu.

Sasa, kile walichokiondoa hakikuwa mshale peke yake. Waliondoa masijala. Wazee wenzangu mtanielewa, lakini vijana niwaeleze. Katika ofisi za serikali kila barua iliingia masijala, ikapewa namba, ikawekwa katika jalada, na karani wa masijala alijua jalada liko kwa nani. Hata bosi akihamishwa, jalada lilibaki. Kompyuta ya mezani ilijengwa kwa mfano huo huo: kuna mafaili, kuna mahali pa mafaili, na faili si mali ya programu iliyoliandika. Unaweza kulifungua kwa programu nyingine, kulibadili jina, kulinakili kwenye fleshi, kumpa mwenzako. Katika iPad ya mwanzo hakukuwa na masijala. Kila programu ilikuwa bosi mwenye meza yake, na karatasi zake alizifungia ndani ya mtoto wa meza na ufunguo akauweka mfukoni. Hiyo ilikuwa na faida: programu mbaya haikuweza kupekua karatasi za wenzake, wala virusi kuzunguka ofisi nzima. Lakini bosi akifa, mtoto wa meza hufunguliwa na nani?

Jambo hilo lilinipata mimi mwenyewe, na nitalisimulia bila kutaja kilikuwa kifaa cha kampuni gani, kwa kuwa lingeweza kunipata kwa chochote kati ya hivyo vitatu. Baada ya kustaafu nilichaguliwa katibu wa chama chetu cha kuweka na kukopa kijijini. Mwaka mmoja niliandika ripoti ya mwaka, kurasa thelathini na moja, kwenye kishikwambi, jioni hadi jioni, kwa muda wa wiki tatu. Programu niliyoitumia ilikuwa nzuri mno. Haikuniuliza hata siku moja nihifadhi wapi. Niliona raha. Usiku mmoja mvua ikapita kwenye bati bovu, ikadondoka juu ya kishikwambi mpaka asubuhi. Nilikifungua mimi mwenyewe, nikakianika, nikakisafisha kwa spiriti. Mimi fundi! Kilikuwa kimekufa, na ripoti ilikuwa ndani ya mtoto wa meza. Haikuwa imepanda mtandaoni, kwa kuwa kule kwetu mtandao hupatikana ukipanda kilimani, na bando nilikuwa natumia kwa uchache. Bila ripoti hakuna ukaguzi, na bila ukaguzi mikopo ya msimu haikutolewa kwa wakati. Mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi, aliniuliza kwa upole, "Mzee, hiyo mashine haikuwa na kabati?" Mbolea yake aliipata mvua za kwanza zikiwa zimepita. Sijapata jibu la kumpa hadi leo.

Kwa hiyo mnielewe ninapolipima swali hili: nalipima na mbolea ya yule mama kichwani.

Hebu tuone washindani hawa watatu walivyokwenda tangu hapo.

Microsoft walirudi uwanjani tarehe 26 Oktoba 2012 na kishikwambi chao walichokiita Surface, pamoja na Windows 8. Safari hii walijaribu kumridhisha kila mtu. Kulikuwa na upande wa kidole, wenye vigae vikubwa vya rangi, na upande wa mezani, na mtu alirushwa huku na huku kama barua isiyo na anwani. Kibonye cha kuanzia kilichokuwa pembeni mwa kioo tangu mwaka 1995 kiliondolewa, watu wakalalamika, kikarudishwa mwaka 2013. Baya zaidi, Surface ya kwanza ilitumia Windows iliyoitwa RT, ambayo kwa sura ilikuwa Windows kabisa lakini haikuweza kuendesha programu za zamani za Windows, kwa sababu ubongo wake ulikuwa wa jamii nyingine, ile inayotumika katika simu. Ni kama kuuziwa ufunguo uliochongwa vizuri sana, ila wa mlango wa jirani. Mwezi Julai 2013 Microsoft ilitangaza hasara ya dola milioni 900 kwa ajili ya vifaa hivyo. Naye rafiki yangu wa Windows asinune: Surface Pro zilizofuata, hasa ile ya tatu ya mwaka 2014, zilikuwa kompyuta kamili kabisa, na mpaka sasa ni vifaa vya heshima. Lakini ni kompyuta zilizovuliwa kibodi. Bei yake ni ya kompyuta, kibodi hununuliwa mbali, na ukiiondoa kibodi unabaki na kompyuta isiyo na kibodi.

Apple kwa upande wao walisimama imara, au walijifanya kusimama. Mwezi Aprili 2012 Tim Cook, aliyeshika uongozi wa Apple mwaka 2011, alisema kwamba mtu anaweza kuunganisha friji na kibaniko cha mkate, lakini kitu kitakachopatikana huenda kisimfurahishe mnunuzi. Alikuwa anawapiga vijembe Microsoft. Basi tazameni kilichofuata. Mwaka 2015 iPad iliruhusu programu mbili kukaa bega kwa bega, na mwaka huo huo ikaja iPad Pro yenye kibodi yake na kalamu, ile kalamu ambayo Jobs mwenyewe aliibeza jukwaani mwaka 2007. Mwaka 2017 ikaja programu ya Mafaili, yaani masijala, ingawa ndogo. Mwaka 2019 mfumo wake ukapewa jina lake, iPadOS, na fleshi ikakubaliwa. Machi 2020 mshale ukaingia rasmi, tena walifikiri vizuri, kwani si sindano bali ni duara lenye unene wa kidole. Mwaka 2021 iPad Pro ikatiwa ubongo ule ule wa kompyuta zao za Mac. Mwaka 2022 madirisha yakaanza kupandana, na mwaka 2025 yakaja madirisha yanayovutwa ukubwa utakao, na juu yake mstari wa menyu kama wa kompyuta. Kwa maneno mengine, kibaniko kimeingizwa ndani ya friji, kipande kwa kipande, kwa miaka kumi, na mwenye friji anasema amelivumbua.

Siwasemi kwa ubaya. Waliona wateja wanafanya kazi ambazo hawakuwapangia, wakawafuata. Hiyo ni sifa ya mfanyabiashara mwenye akili.

Android ilikuja kwa njia ya tatu. Vishikwambi vyake vya mwanzo, kama Samsung Galaxy Tab ya mwaka 2010, vilikuwa kweli simu zilizokuzwa. Toleo la kwanza lililotengenezwa kwa ajili ya vishikwambi hasa lilitoka Februari 2011, na toleo dogo lililolifuata mwaka huo huo tayari lilikubali kuunganishwa kibodi na kipanya kwa waya. Mafaili nayo yalionekana tangu mwanzo: unachomeka waya kwenye kompyuta, unayaona yote, unayachukua. Masijala ilikuwa wazi, tena wazi mno, hata programu ya tochi iliweza kuomba ruhusa ya kupekua picha zako za harusi. Upungufu wa Android ulikuwa mwingine. Waandishi wa programu waliandikia simu, na kishikwambini programu ikatanuka kama shati la mnene alilovaa mwembamba. Hilo lilikaa miaka mingi. Toleo la mwaka 2022 ndilo lililorudi kushughulikia vioo vikubwa kwa dhati. Samsung hawakungoja. Mwaka 2017 walileta mfumo wao wa DeX, ambao hugeuza uso wa simu kuwa meza yenye madirisha, na mwaka uliofuata wakautia kwenye kishikwambi.

Na hapa nawaomba mtazame jambo ambalo mimi binafsi lilinishangaza. Mwaka 2017 iPad ilifungua masijala. Mwaka 2020 Android, kwa toleo lake la 11, ilianza kufunga milango ya masijala yake, kila programu ikaambiwa ikae na droo yake isipoomba ruhusa. Mmoja anatoka ndani, mwingine anaingia, wamepishana mlangoni. Kwa hiyo wale wanaobishana hapa kwamba Android ni huru na iPad ni gereza wanabishana juu ya mwaka 2012.

Tuache sasa historia ya ng'ambo, turudi nyumbani, kwa sababu tunao mfano mzuri kuliko yote. Tarehe 23 Agosti 2022 nchi yetu ilifanya sensa kwa kutumia vishikwambi, na watu 61,741,120 wakahesabiwa. Miongoni mwa walimu walioketi hapa wapo waliokuwa makarani wa sensa. Muulizeni mmoja wao: je, ulihitaji madirisha mawili? Ulihitaji kipanya? Atawaambia hapana. Swali lilitokea, akagusa jibu, likaja linalofuata. Alisimama chini ya mwembe, mkono mmoja umeshika kifaa, mwingine unafukuza mbwa. Kompyuta ya mezani ingekuwa mzigo na kituko. Kwa kazi ile kishikwambi kama kilivyozaliwa kilikuwa ndicho, wala hakikupungukiwa na kitu.

Baada ya sensa vishikwambi hivyo vikagawiwa walimu. Kifaa ni kile kile, kioo ni kile kile. Lakini mwalimu sasa anataka kutunga mtihani wa kurasa nne, huku anatazama muhtasari upande mmoja. Anataka kujumlisha alama za wanafunzi arobaini na tano katika jedwali. Anataka kuupeleka mtihani kwenye printa ya shule ya jirani kwa fleshi, kwa sababu ya kwetu imekwisha wino. Mwalimu mmoja wa hapa ameniambia jana kwamba kwa kusoma vitabu na kumbukumbu kifaa kinamfaa sana, lakini mtihani bado anauandika kwa mkono na kumpa mtu akamchapie mjini. Hakuna aliyemdanganya na hakuna kilichoharibika. Kazi imebadilika, basi.

Ndiyo maana nasema swali la kamati limeulizwa kinyume. Hatuulizi kama kishikwambi kinahitaji mambo ya mezani. Tunauliza mwanafunzi wa hapa atafanya kazi ya karani wa sensa au kazi ya mwalimu. Kama atasoma tu na kujibu maswali ya kuchagua, chukueni kifaa chochote cha bei nafuu chenye kioo kigumu. Lakini mimi sikusomeshwa hapa ili nichague A, B, C au D. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitutaka tuandike insha, akaisahihisha kwa wino mwekundu, tukaiandika tena, na wakati mwingine tena.

Insha inataka kibodi, na siyo kibodi ya kwenye kioo, ambayo ikitokea inameza nusu ya ukurasa na mwandishi haoni aya yake ya juu. Na insha inayoandikwa mara ya pili na ya tatu inataka masijala: rasimu ya kwanza hii hapa, ya pili hii hapa, yenye majina, katika mahali pajulikanapo, na nakala kwenye fleshi. Mambo hayo mawili siyaachi kwa lolote. Programu mbili bega kwa bega ni jambo jema na siku hizi vyote vitatu vinazo. Kuhusu madirisha kumi yanayopandana kwenye kioo cha inchi kumi, hayo ni mapambo. Hata ofisini nimewaona wakubwa wakiyafungua ili waonekane wana kazi.

Gharama za kibodi zisisahauliwe, maana zimewaponza wakubwa kuliko sisi. Mwaka 2013 wilaya ya shule za jiji la Los Angeles, ambayo ni ya pili kwa ukubwa Marekani, ilianza kuwagawia wanafunzi iPad, katika mpango uliokadiriwa kufika dola bilioni moja na zaidi. Wanafunzi walizikwepa kufuli za mtandao mapema kabisa, jambo ambalo halimshangazi mtu yeyote aliyewahi kulala bweni la hapa. Lakini vifaa vilikuja bila kibodi, na wanafunzi walikuwa na mitihani ya kuandika, kwa hiyo kibodi zikawa gharama nyingine ya kujadiliwa. Agosti 2014 mkataba ukasimamishwa. Wala bei za kibodi si za kupuuza: mwaka 2022 iPad ya kawaida ilipotoka upya kwa dola 449 huko Marekani, kibodi yake ya Apple iliuzwa dola 249. Zipo za kampuni nyingine kwa bei ndogo zaidi, na kibodi yoyote ya waya ya duka la mjini inakubali kwenye Android yenye tundu linalofaa.

Upo pia umeme. Sote tunajua jenereta ya shule hii ilivyo, tangu enzi zetu, na hizo sola za juu ya maabara zina mipaka yake. Kompyuta ya mezani na kioo chake hula wati mia moja hivi, pengine zaidi, na umeme ukikatika inazimika na kazi yako. Chaja ya iPad ya kwanza ilikuwa ya wati 10. Kishikwambi kimoja kikichajiwa mchana huenda jioni nzima. Hapo kishikwambi kinashinda bila mjadala, na mwenye kutaka kompyuta thelathini za mezani katika shule hii atuambie kwanza umeme atautoa wapi.

Nimebakiza ile nukta ya pili ya Bwana Kay, ya mtoto kutunga programu zake. Hapa lazima niseme ukweli ambao hautawafurahisha wenye iPad wala wenye Android. Programu zinazotumika ndani ya vishikwambi hivi, karibu zote, zimeandikwa kwenye kompyuta. Apple walitoa mwaka 2016 programu ya kufundishia watoto kuandika programu kwenye iPad, na tangu mwisho wa mwaka 2021 mtu anaweza kutunga programu ndogo humo na hata kuipeleka sokoni. Ni hatua nzuri. Lakini karakana yao kuu bado iko kwenye Mac tu, na karakana ya Android iko kwenye kompyuta. Kishikwambi hakijajua kuzaa vishikwambi. Kijana wa kidato cha tatu anayetaka kuwa mtunzi wa programu, na nimeambiwa wapo sita hapa wenye nia hiyo, ukimpa kishikwambi peke yake umempa gazeti ukamnyima kalamu.

Kwa hiyo maoni yangu kwa kamati ni haya, na Mwenyekiti ameniruhusu niyaseme wazi. Tununue vishikwambi vya Android, si vya bei ya chini kabisa, vyenye ahadi iliyoandikwa ya miaka ambayo mfumo wake utaendelea kuhudumiwa; mkumbuke kwamba iPad ya kwanza kabisa, iliyouzwa 2010, iliachwa nyuma mwaka 2012, na kifaa cha shule hakiwezi kuishi maisha mafupi namna hiyo. Tusinunue vya darasa zima. Tununue pungufu, na fedha itakayobaki inunue kibodi moja kwa kila kishikwambi na fleshi moja kwa kila mwanafunzi, na kompyuta nne za kukunja, ambazo zina betri, zikae maktabani kwa ajili ya wale sita na watakaowafuata. Wenye iPad nawaambia kwamba kifaa chao ni bora kwa kioo na kwa kudumu, na kama tungekuwa na fedha mara mbili ningesita. Rafiki yangu wa Windows atapata kompyuta zake nne. Najua hatatosheka, hajawahi kutosheka tangu tukigombea kijiko kimoja mwaka 1976.

Wapo watakaosema kwamba fundi mzee anataka kila kitu kifanane na ofisi alimozeekea. Nimejiuliza hilo kwa makini. Huenda kweli. Lakini mambo mengi ya mezani nimeyaacha hapa bila huzuni, pamoja na kipanya ambacho kimenilisha miaka mingi.

Ndugu Mwenyekiti, nimeleta vishikwambi vitatu, kimoja cha kila aina, vya kuazima. Viko maktabani juu ya meza ndefu, pamoja na kibodi moja na fleshi moja. Ndani ya fleshi kuna faili la hotuba hii. Nawaomba wanafunzi watatu, mmoja kwa kila kifaa, walichukue faili hilo, walipe jina jingine, waongeze sentensi moja ya kunipinga, walirudishe kwenye fleshi, na walipeleke kwenye printa ya Mkuu wa Shule. Wanakamati wasimame nyuma yao wakitazama, bila kusaidia. Kura ni saa kumi na mbili. Karatasi zipo; rimu nimekuja nayo mwenyewe.